Chungu cha Adesi: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kuwasha Moto

Utangulizi



Miongoni mwa vyakula vinavyopikwa majumbani mwetu kisiwani Pemba, mchuzi wa adesi ni katika vile visivyo na makuu. Hauhitaji nyama wala samaki, haumalizi makaa, na mtu aliyerudi shamba au kazini alasiri anaweza kuupakua kabla ya sala ya Isha. Vinavyotakiwa ni vitu vya kawaida: adesi, maji, kitunguu, thomu, tungule, bizari ya manjano, uzile, chumvi na mafuta kidogo. Upishi huu ni tunda la mawasiliano ya karne nyingi baina ya pwani yetu na Bara Hindi. Wafanyabiashara wa Kihindi waliofungua maduka Chake Chake na Wete walikuja na mapishi yao, na sisi tukayapokea, tukayatia tui la nazi, tukayafanya yetu.

Tumekichagua chakula hiki kuwa somo kwa sababu katika chungu hicho kimoja hukutana vitu vilivyotoka mbali na vilivyotoka karibu. Adesi hazilimwi Pemba, kwani hupenda nchi zenye majira ya baridi. Sehemu kubwa ya adesi zinazouzwa duniani hutoka Kanada, Australia na Uturuki. Manjano huenda yakawa yamechimbwa shamba la jirani, au huenda yakawa yamefika kwa jahazi katika pakiti isiyojulikana asili yake. Mlaji hawezi kuvifuata vitu hivi huko vilikoanzia. Analoweza ni kuvichunguza pale vinapopita mikononi mwake: dukani, kwenye ungo na jikoni. Somo hili linaeleza namna ya kufanya hivyo, kisha linaeleza upishi wenyewe hatua kwa hatua.

Faida ya adesi kwa mtoto wa Pemba

Gramu 100 za adesi nyekundu kavu zina protini takriban gramu 24 na madini ya chuma yapatayo miligramu 7. Kwa familia ambayo haimudu samaki au nyama kila siku, hiki si kiasi cha kudharau.

Suala la madini ya chuma lina uzito wa pekee katika kisiwa chetu. Tafiti zilizofanyika Pemba tangu miaka ya 1990, zikiwemo zilizopitia Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoanzishwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, zimeonesha mara kwa mara kwamba upungufu wa damu ni tatizo kubwa miongoni mwa watoto wetu. Sababu zake ni zaidi ya moja. Ipo malaria, ipo minyoo ya safura inayofyonza damu tumboni, na kipo chakula kisichokuwa na chuma cha kutosha. Adesi hazitibu malaria wala hazitoi minyoo, na mtoto aliyepauka viganja na ndani ya kope, anayechoka upesi, apelekwe kituo cha afya bila ya kusubiri. Lakini katika ile sababu ya tatu, yaani chakula, mzazi ana uwezo wa kufanya jambo kila siku.

Ni vyema ifahamike kwamba chuma kinachotoka katika vyakula vya jamii ya kunde hufyonzwa na mwili kwa shida kuliko kile cha nyama na samaki. Yapo mambo mawili yanayobadilisha hali hiyo, na yote hayana gharama. La kwanza ni ndimu. Vitamini C iliyomo katika ndimu husaidia mwili kukipokea chuma, ila vitamini hiyo huharibiwa na moto. Kwa hiyo ndimu ikamuliwe wakati wa kula, isipikwe pamoja na mchuzi. La pili ni chai. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia sehemu ya chuma isifyonzwe. Tunashauri chai icheleweshwe kwa muda wa saa moja baada ya kula, hasa kwa watoto na kina mama wajawazito.

Dukani: jina, uzito na hali ya adesi

Jina. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba unachopewa ndicho ulichokikusudia. Majina ya nafaka za jamii ya kunde hubadilika kutoka mji hadi mji. Zile ambazo hapa Zanzibar tunaziita chooko, huko Tanzania Bara huitwa choroko, na nchini Kenya huitwa ndengu. Neno dengu nalo kwa watu wengi wa Bara ni nafaka kubwa ya mviringo, yenye ncha, ambayo unga wake hutumika kwa bajia. Adesi ni kitu kingine: ni punje ndogo bapa mfano wa kifungo. Zikiwa na maganda huwa za kahawia au kijani. Zikishakobolewa na kupasuliwa huwa na rangi ya machungwa, nazo ndizo tunazoziita adesi nyekundu.

Tofauti hii si ya maneno tu. Adesi nyekundu huiva kwa dakika 20 hadi 25 bila ya kurowekwa. Dengu nzima huhitaji kurowekwa usiku kucha, kisha huchukua saa nzima au zaidi motoni. Mlaji aliyebadilishiwa bila ya kujua hupoteza makaa au gesi yake, na aghalabu huila nafaka haijaiva sawasawa. Omba uoneshwe punje zenyewe kabla ya kupimiwa.

Uzito. Kopo au kibaba hupima ujazo wala hakipimi uzito, na kopo lililobonyezwa kitako hupunguza zaidi. Ukinunua kwa kilo, omba mizani iwekwe mahali unapoiona, na uhakikishe kwamba kabla ya kupimiwa mshale au tarakimu zipo kwenye sifuri. Kuuliza hivyo si kumtuhumu muuzaji. Muuzaji mwenye mizani iliyohakikiwa hufurahi kuonesha, kwani mizani sahihi humlinda naye pia.

Hali. Chukua punje chache kiganjani. Adesi nyekundu nzuri ni kavu, hazishikani, hazina harufu ya uvundo, na rangi yake imefifia kidogo bila ya kumeremeta. Vumbi jingi la unga na punje zenye vitundu ni dalili ya wadudu. Madoa meusi au ya kijivujivu, pamoja na harufu ya ukungu, ni sababu ya kuziacha. Hewa ya kisiwa chetu ina unyevunyevu mwingi, nao unyevunyevu hukaribisha kuvu. Baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuosha wala kwa upishi wa kawaida. Haifai kununua nafaka iliyoota ukungu kwa bei ya chini kwa kutaraji kwamba moto utaisafisha.

Ukinunua zilizofungwa, soma lebo. Tafuta jina la bidhaa, jina na anwani ya mtengenezaji au mfungashaji, uzito halisi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti isiyokuwa na maelezo hayo haina wa kuulizwa iwapo patatokea tatizo.

Manjano: rangi si ushahidi

Hapa tunaomba msomaji atulie nasi kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika somo hili.

Tunapozungumza na walaji, swali moja hurudi mara nyingi. Mtu huja na pakiti mbili za manjano yaliyosagwa, moja inang'aa kama ua la alizeti na nyingine imefifia, akataka tumwambie ipi iliyo nzuri. Jibu letu huwashangaza wengi: kwa kutazama kwa macho, hata sisi hatuwezi kujua. Na wanapotuambia kwamba wao huchagua ile inayong'aa, tunawasimulia yaliyotokea Bangladesh.

Nchini humo, manjano huingia takriban katika kila chungu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakishirikiana na wenzao wa Bangladesh walichunguza chanzo cha madini ya risasi yaliyokuwa yakionekana katika damu ya wanawake wajawazito wa vijijini, wakakikuta katika manjano. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2019. Baadhi ya wasindikaji walikuwa wakiisugua mizizi mikavu ya manjano kwa kromati ya risasi, ambayo ni rangi ya viwandani yenye unjano mkali. Mazoea hayo yalifuatiliwa nyuma hadi miaka ya 1980, pale mafuriko yalipoilowesha mizizi ikapoteza mng'ao wake. Wanunuzi waliikataa mizizi iliyofifia. Wasindikaji wakatafuta namna ya kuirejeshea rangi waliyoitaka wanunuzi, na wakaipata katika sumu.

Madini ya risasi hayana kazi yoyote katika mwili wa binadamu, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa ni salama. Kwa mtoto mdogo huathiri ubongo unaokua, na huweza kumpunguzia uwezo wa kujifunza katika maisha yake yote. Aghalabu hakuna dalili ya wazi ya kumstua mzazi. Aidha risasi huuzuia mwili kutengeneza damu. Na lipo jambo jengine linalotuhusu moja kwa moja: mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma hufyonza risasi nyingi zaidi kuliko mtoto mwenye chuma cha kutosha. Yaani mtoto yule yule ambaye mama yake amempikia adesi ili apate damu, ndiye atakayedhurika zaidi endapo manjano ya chungu hicho yametiwa rangi.

Hatusemi kwamba manjano yanayouzwa katika masoko ya Pemba yana risasi. Tunasema kwamba rangi kali si ushahidi wa ubora, na kwamba mlaji anayechagua kwa rangi peke yake humfundisha muuzaji kumpa rangi. Kisa cha Bangladesh kina mwisho wa kutia moyo. Serikali ilitoa tahadhari kwa wananchi, maofisa wakaingia katika soko la jumla la Dhaka wakiwa na kifaa cha kupima papo hapo, na waliokutwa na manjano yaliyotiwa risasi wakatozwa faini hadharani. Mwaka 2019, asilimia 47 ya sampuli za manjano zilizochukuliwa sokoni zilikuwa na risasi. Mwaka 2021 haikupatikana hata moja. Mazoea ya miongo mitatu yaliondoka ndani ya miaka miwili, pale wakaguzi na wanunuzi walipokataa kwa pamoja.

Mlaji wa Pemba ana bahati ambayo wengi duniani hawana: manjano yanaota katika ardhi yake. Ushauri wetu, kwa hiyo, ni huu.

Nunua manjano mabichi kutoka kwa mkulima unayemfahamu, au panda mashina machache uani kwako, mbali na mahali panapotupwa betri kuukuu na mabaki ya rangi. Kwa chungu kimoja, kipande cha urefu wa nusu ya kidole, kilichomenywa na kuparuzwa, kinatosha. Ukitaka ya kuweka, osha mizizi, imenye, ikate vipande vyembamba na uvianike juani kwenye ungo uliofunikwa kitambaa chepesi. Vianue kila jioni visije vikapata umande. Vikiwa vikavu kiasi cha kukatika kwa mlio, vitwange kwenye kinu, uchekeche, na uhifadhi katika chupa kavu yenye kifuniko. Rangi yake huenda isiwe kali kama ya pakiti. Usiihesabu kuwa ni kasoro.

Ukilazimika kununua manjano yaliyosagwa, chagua yaliyofungwa na yenye lebo kamili. Tahadhari pia na mizizi mikavu inayometameta na kuacha unga wa njano vidoleni, kwani katika kisa tulichokieleza rangi ilitiwa kwenye mizizi kabla ya kusagwa. Majaribio ya nyumbani ya kutia manjano katika glasi ya maji yasikupe matumaini ya uongo. Uwepo wa risasi huthibitishwa na maabara.

Uzile nao ni bora kununuliwa mzima na kutwangwa nyumbani kwa kadiri ya matumizi. Punje nzima huonekana kwa macho na hukaa na harufu yake muda mrefu, unga huficha.

Chumvi

Pemba ina mashamba ya chumvi, na chumvi yetu ya bahari ni nzuri, lakini chumvi ya bahari peke yake haina madini joto ya kutosha. Upungufu wa madini hayo huleta uvimbe wa tezi ya shingo, na kwa mama mjamzito huweza kuathiri akili ya mtoto aliye tumboni. Nunua chumvi ambayo lebo yake inaeleza kwamba imeongezwa madini joto. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, mvuke na maji, na uitie chunguni kuelekea mwisho wa upishi ili madini hayo yasipotee bure. Kiasi nacho ni muhimu: chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu hata ikiwa ni ya lebo nzuri.

Upishi

Kwa watu wanne hadi watano andaa vitu vifuatavyo:

Adesi nyekundu gramu 250.
Maji safi lita moja na robo.
Manjano yaliyosagwa nusu kijiko cha chai, au kipande kibichi kilichoparuzwa.
Kitunguu maji kimoja kikubwa, kilichokatwa vipande vyembamba.
Tungule mbili zilizoiva, zilizokatwa ndogo ndogo.
Thomu chembe nne na tangawizi kipande kidogo, vilivyopondwa pamoja.
Pilipili mbichi moja, ukipenda.
Uzile mzima kijiko kimoja cha chai.
Mafuta au samli vijiko viwili vya chakula.
Chumvi yenye madini joto, isiyozidi kijiko kimoja cha chai.
Kotmiri kiasi, na ndimu moja.

Hatua ya kwanza: kuchagua. Mwaga adesi kwenye ungo au sinia mahali penye mwanga. Toa mawe, vijiti, punje nyeusi na mbegu ngeni. Kazi hii huchukua dakika chache, nayo huyanusuru meno.

Hatua ya pili: kuosha. Osha adesi kwa maji safi mara tatu au nne, ukizisugua kwa mkono. Maji ya kwanza huwa meupe ya ukungu, na hiyo ni hali ya kawaida. Yakitoka maji ya rangi kali ya machungwa au nyekundu, mfano wa kitambaa kinachochuja, usizipike. Ziweke kando pamoja na mfuko wake na ufuate maelezo yaliyo mwishoni mwa somo hili.

Hatua ya tatu: kuchemsha. Tia adesi chunguni pamoja na maji, na uteleke. Zikianza kuchemka patatokea povu. Liondoe kwa upawa. Punguza moto, tia manjano, funika chungu ukiacha uwazi mdogo, na uache zitokote kwa dakika 20 hadi 25. Koroga mara kwa mara zisishike chini. Adesi zilizoiva hupoteza rangi ya machungwa zikawa za njano, na huvurugika zikibanywa kwa mwiko. Ukitumia seredani, iweke mahali panapopita hewa, wala usiiingize ndani ya chumba kilichofungwa.

Hatua ya nne: kuunga. Hiki ndicho kiini cha upishi huu kama ulivyotoka Bara Hindi: viungo havitupwi ndani ya maji, bali huamshwa kwanza katika mafuta. Katika sufuria ndogo pasha mafuta au samli kwa moto wa wastani. Tia uzile. Ukianza kutatarika na kutoa harufu, tia vitunguu na uvikaange hadi viwe na rangi ya dhahabu. Ongeza thomu, tangawizi na pilipili kwa muda wa dakika moja, kisha tia tungule na uzipike hadi zilainike na mafuta yajitenge. Kuwa mwangalifu usiunguze uzile, kwani ukiwa mweusi huwa mchungu, na uchungu huo hauondoki.

Hatua ya tano: kuchanganya. Mimina maungo hayo ndani ya chungu cha adesi, tia chumvi, koroga, na uache vichemke pamoja kwa dakika tano. Wanaopenda mchuzi wa kwetu humalizia kwa kikombe kimoja cha tui zito; ukifanya hivyo, punguza maji ya mwanzo kwa kiasi hicho, na uendelee kukoroga kwa moto mdogo ili tui lisikatike. Epua, nyunyiza kotmiri, na kila mtu akamulie ndimu katika chakula chake.

Mchuzi huu huliwa kwa wali, kwa chapati, kwa mkate wa mofa au kwa muhogo wa kuchemsha. Kwa mtoto aliyeanza kula, toa sehemu yake kabla ya kutia pilipili na chumvi, na uiponde hadi iwe laini.

Kiporo

Adesi zilizopikwa zina maji na protini nyingi, kwa hiyo vijidudu huzipenda kama tunavyozipenda sisi. Katika joto la kisiwa chetu, chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Kinachobaki kimiminwe kwenye chombo kipana ili kipoe upesi, kifunikwe na kiwekwe kwenye friji. Siku ya pili kipashwe moto hadi kichemke chote, si pembeni tu, na kipashwe mara moja pekee. Nyumba isiyokuwa na friji, au ambayo umeme umekatika kwa muda mrefu, ni bora ipike kiasi kinachoweza kumalizika. Chakula kilichobadilika harufu au kilichoanza kutoa utando kimwagwe, na tusikifanyie ubakhili.

Ukitilia shaka bidhaa

Mlaji ana haki ya kupata bidhaa iliyo salama na maelezo yaliyo sahihi. Haki hiyo haiwezi kutetewa ikiwa ushahidi umetupwa jaani. Kwa hiyo, ukishuku adesi, manjano au kiungo chochote, acha kukitumia, usikitupe, wala usikihamishie katika chombo chengine. Kiweke katika mfuko au pakiti yake ya asili, na uandike mahali ulipokinunua, tarehe na bei. Ikiwa ulipewa risiti, iambatanishe. Kisha kilete ofisini kwetu au kifikishe kwa afisa wa afya wa wilaya yako.

Tunakuombeni pia msikimbilie kumlaumu muuzaji wa rejareja. Mara nyingi naye amenunua polo lililofungwa, asijue kilichomo. Akiwa tayari kueleza alikolipata polo hilo, husaidia kufikia mahali tatizo lilipoanzia, nako ndiko linakopaswa kukomeshwa. Mzazi mwenye wasiwasi kwamba mtoto wake amekula kitu chenye risasi amuone daktari, kwani njia ya kujua ni kupima damu.

Mambo ya kukumbuka

Tazama punje kabla ya kupimiwa, na mizani kabla ya kulipa.

Nafaka yenye ukungu haisafishwi na moto.

Usichague manjano kwa mng'ao wake. Yaliyotoka shambani kwa mtu unayemjua, hata yakiwa yamefifia, yana mwenye kuulizwa.

Tia ndimu wakati wa kula, na uicheleweshe chai.

Tumia chumvi yenye madini joto, na uitie kwa kiasi.

Usipokuwa na friji, pika kinachoweza kumalizika.

Mama anayepika adesi jioni hana maabara jikoni mwake, wala hatumtaki awe nayo. Hiyo ni kazi yetu. Yeye ana ungo, ana macho, ana pua, na ana uhuru wa kurudisha pakiti kaunta na kusema: hii sitaki. Wauzaji wakilisikia neno hilo kwa wanunuzi wengi, watalifikisha kwa wanaowaletea bidhaa.